Kuku Wamechanjwa na Bado Wanakufa: Mwongozo Kamili wa Chanjo ya Kideri, Gumboro na Ndui

Kila kiangazi swali ni lile lile, liwe linatoka Bahi na Chemba mkoani Dodoma, au Manyoni na Ikungi mkoani Singida: "Nilichanja, mbona wameisha?" Mara nyingi dawa yenyewe haikuwa na kosa. Ilifia njiani ndani ya mfuko wa suruali, au ilichanganywa na maji ya bomba yenye klorini, au walidondoshewa kuku ambao virusi vilishaingia mwilini siku nne nyuma. Makosa hayo yote yanaepukika, na hayahitaji pesa nyingi.

Mwongozo huu unamhusu mfugaji wa kuku wa kienyeji na chotara, mwenye kuku kuanzia kumi hadi mia chache.

Magonjwa matatu, chanjo tatu

Chanjo ya ugonjwa mmoja haizuii ugonjwa mwingine. Linaonekana jambo dogo, lakini wapo wanaochanja kideri halafu wanalalamika kuku wametoka vipele vya ndui.

Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, ndicho kinachomaliza banda zima. Kuku anazubaa, mabawa yanashuka, anaharisha kijani au cheupe, anahema kwa shida, na wengine wanapinda shingo au kupooza miguu. Hakina tiba. Kwenye kundi ambalo halijachanjwa kinaweza kuua karibu wote ndani ya wiki moja au mbili. Antibaiotiki unazouziwa kipindi hicho haziui virusi.

Gumboro inawapata zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Inashambulia kifuko cha kinga kilicho karibu na tundu la haja, kwa hiyo hata anayepona anabaki dhaifu kwa magonjwa mengine, na hata chanjo zinazofuata hazimshiki vizuri. Kirusi chake ni kigumu: kinakaa bandani kwa miezi hata baada ya kufagia.

Ndui ya kuku huleta vipele na magamba kwenye upanga wa kichwani, ndevu na kuzunguka macho. Aina nyingine hutokea mdomoni na kooni, utando wa njano unaomzuia kuku kula na kupumua. Mbu ndio wasambazaji wakubwa, ndiyo maana hapa kwetu hushamiri mvua zikishanyesha.

Kuhara damu, mafua na minyoo havizuiwi na chanjo hizi tatu. Usizidai kazi ambayo si yao.

Vifaa: viwe tayari kabla hujanunua chanjo

Kwa chanjo ya tone la jicho:

- chanjo ya kideri yenye kidondoshi chake
- chupa ya chai yenye mdomo mpana, au kasha la kuhifadhia baridi, na barafu
- kitambaa cha pamba kilicholowa maji
- matenga mawili, au banda lenye mlango unaofungika vizuri
- rangi au uzi wa kuwatia alama waliokwisha chanjwa
- tochi, sabuni, maji ya kunawa
- daftari na kalamu
- msaidizi mmoja. Kuku wakizidi 50, wawili

Kwa chanjo inayotolewa kwa maji ya kunywa ongeza ndoo ya plastiki, vyombo vya plastiki vya kunyweshea, na maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Kwa ndui utahitaji kile kisindano chenye ncha mbili, ambacho aghalabu huuzwa pamoja na chanjo. Kisipokuwemo, kidai dukani kabla hujaondoka.

Hatua ya 1: Hesabu kuku, kisha hesabu majirani

Hesabu usiku wakiwa wamelala, si mchana wakizurura. Weka vifaranga, majogoo, na yule tetea anayeatamia nyuma ya ghala. Ongeza kama dozi kumi kwa kila mia kwa ajili ya matone yatakayoanguka.

Chupa ya chanjo ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja. Mwenye kuku 30 akinunua chupa ya dozi 100, zaidi ya nusu itamwagwa, na hapo ndipo watu wanaposhawishika kuihifadhi hadi mwezi ujao. Usihifadhi. Chanjo iliyofunguliwa itumike siku ile ile. Jipangeni kaya jirani: kaya sita zenye kuku 30 kila moja ni kuku 180, chupa mbili za dozi 100 zinawatosha na ziada kidogo inabaki. Gharama inagawanyika. La muhimu zaidi, kuku wa kienyeji hawajui mpaka wa uwanja. Ukichanja wa kwako peke yako, kirusi kinaendelea kuzunguka kwa jirani kikisubiri vifaranga wako wapya.

Muulizeni pia afisa mifugo wa kata kama kampeni ya chanjo ya kitaifa iliyoanza 2025 inakaribia kijijini kwenu. Katika kampeni hiyo kuku wa kienyeji wanachanjwa bure.

Hatua ya 2: Kagua afya, na uwe tayari kuahirisha

Siku mbili kabla, watazame kuku wakitoka asubuhi. Je, kuna aliyejikunyata? Kinyesi cha kijani? Kuna vifo vya ghafla kwa jirani? Ukiona dalili hizo, mwite afisa mifugo kwanza.

Sababu ni hii: virusi vya kideri hukaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa kawaida tano au sita, kabla ya dalili kuonekana. Chanjo nayo inahitaji kama wiki moja hadi mbili ili kinga ijengeke. Kuku aliyeambukizwa jana hawezi kuokolewa na tone la leo. Atakufa, na kijiji kizima kitasema chanjo inaua.

Kuna hatari nyingine. Mikono inayomkamata mgonjwa ndiyo hiyo hiyo inayomkamata mzima, kwa hiyo kazi ya kuchanja inaweza kuusambaza ugonjwa wenyewe.

Kama kuku wana minyoo mingi au viroboto wamejaa usoni, tibu hayo wiki mbili kabla. Kuku dhoofu hajengi kinga vizuri.

Hatua ya 3: Nunua na safirisha bila kuiua

Kwa kideri vijijini, chagua aina ya I-2. Inatengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, na inauzwa kwa jina la TEMEVAC. Ilikusudiwa mazingira kama yetu: inavumilia joto kuliko aina nyingine na inatolewa kwa tone la jicho, bila sindano.

Lakini tusielewane vibaya. "Inavumilia joto" maana yake haifi mara tu inapotoka kwenye friji. Haina maana kwamba unaweza kuiacha kwenye dashibodi ya gari kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa saa saba mchana. Jua la moja kwa moja linaiharibu, na joto la Oktoba na Novemba la huku kwetu si la kufanyia mzaha.

Dukani fanya mambo manne:

1. Tazama chanjo inatolewa wapi. Ikitoka rafuni, ondoka. Itoke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.
2. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi na idadi ya dozi.
3. Uliza kama ni ya maji tayari au ni ya unga unaohitaji kiyeyusho. Ya unga isiyo na kiyeyusho chake usiichukue.
4. Itie kwenye chupa ya chai yenye barafu hapo hapo kaunta, siyo ukifika stendi. Izungushie kitambaa ili isigusane na barafu yenyewe.

Chupa ya chai ya kawaida yenye barafu inatosha kwa safari ya nusu siku. Ukifika nyumbani na una friji, iweke rafu ya kati. Usiiweke kwenye friza, na usiiweke mlangoni ambako joto linapanda kila watoto wanapofungua kutafuta maji baridi.

Dalili kwamba hatua hii imefanikiwa: ukifungua chupa ya chai, barafu bado ipo na kichupa ni cha baridi mkononi. Kikiwa na uvuguvugu, jiulize kimekaa hivyo kwa saa ngapi.

Hatua ya 4: Kideri, tone moja katika jicho moja

Anza saa kumi na moja alfajiri kabla hujafungua banda, au usiku kwa tochi. Kuku wakishatawanyika, utakimbizana nao hadi jua kali, na wale watano unaoshindwa kuwakamata ndio watakaorudisha ugonjwa.

1. Nawa mikono kwa sabuni na uisuuze vizuri. Kichupa kifunge kitambaa kilicholowa maji. Maji yanapokauka kwenye kitambaa hupoza kichupa, na kitambaa kinakinga mwanga.
2. Ondoa mapovu ndani ya kidondoshi. Tone lenye hewa ni tone dogo, na tone dogo ni dozi pungufu.
3. Msaidizi amshike kuku akibana mabawa, amlaze ubavu ili jicho moja litazame juu.
4. Kiinamishe kichupa hadi kisimame wima, mdomo chini. Kikishikwa kwa mshazari matone hayalingani. Usiguse jicho kwa ncha. Ukigusa, uchafu wa kuku huyu utaupeleka kwa wote wanaofuata.
5. Dondosha tone moja. Subiri. Kuku akipepesa na tone likazama, ndipo mwachie. Hiyo ni sekunde mbili au tatu tu, na hapa ndipo kazi nyingi inapoharibika kwa haraka.
6. Tone likianguka nje, rudia.
7. Mtie alama, mweke upande mwingine.

Dozi ni ile ile kwa kifaranga na kwa jogoo. Wengi wanampa jogoo matone mawili kwa kuwa ni mkubwa. Ni kumwaga chanjo tu. Kifaranga naye hapewi nusu tone.

Kuku anayeatamia achanjwe pia, kwa upole, akiwa juu ya mayai.

Kinachoharibu hatua hii si ujinga, ni uchovu. Kuanzia kuku wa arobaini mkono unaanza kutikisika na matone yanaangukia manyoya. Badilishaneni. Ukimaliza, linganisha dozi zilizotumika na idadi ya kuku. Kama chupa ya dozi 100 imewachanja kuku 150, kuna waliopewa matone madogo au hawakupata kabisa.

Nawa tena, na usijifikiche macho katikati ya kazi. Virusi vya kideri, hata vya kwenye chanjo, vinaweza kumletea mtu macho mekundu yenye kuwasha kwa siku chache.

Kinga ya tone hili hupungua. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Vifaranga waliochanjwa siku ya 7 warudiwe siku ya 21, halafu waingie kwenye mzunguko wa wakubwa.

Hatua ya 5: Gumboro kwa maji ya kunywa

Hatua hii inawahusu zaidi wanaolea chotara au vifaranga wengi kwa pamoja. Hutolewa siku ya 14 na kurudiwa siku ya 28. Kanuni hizi za maji ni hizo hizo kwa anayetumia chanjo ya kideri aina ya LaSota.

Ukinunua chotara wa wiki nne, mwulize muuzaji tarehe na aina ya chanjo walizopata, ziwe zimeandikwa. "Wameshachanjwa zote" si jibu.

Tatizo kuu la Dodoma ni maji. Ya bomba yana klorini, na klorini iliyowekwa kuua vijidudu haibagui: inaiua na chanjo. Visima vingi navyo vina chumvi. Chaguo zuri ni maji ya mvua uliyoyahifadhi mahali safi, au maji yaliyochemshwa bila kufunikwa na kupoa kabisa.

Kiasi cha maji kipime siku moja kabla. Asubuhi wape maji uliyoyapima, uone wananywa kiasi gani kwa saa mbili. Hicho ndicho kiasi chako. Kanuni ya haraka ni kwamba kuku 1,000 wanahitaji lita sawa na idadi ya siku za umri wao, yaani vifaranga 100 wa siku 14 wanahitaji takriban lita 1.4. Kwenye joto wananywa zaidi, kwa hiyo kipimo chako mwenyewe ni bora kuliko kanuni.

1. Siku mbili kabla, acha kutia dawa yoyote ya kuua vijidudu kwenye maji. Osha vyombo kwa maji matupu. Sabuni inabaki na kuua chanjo.
2. Siku yenyewe, alfajiri, ondoa maji kwa saa moja ili wapate kiu. Usizidishe mbili, kifaranga mwenye kiu kali hukanyagana na wenzake.
3. Tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, yaani karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Koroga, subiri dakika 20. Maziwa huikamata klorini iliyobaki. Yenye mafuta hayafai kwa sababu mafuta huganda kwenye vyombo.
4. Fungulia kichupa cha chanjo kikiwa kimezamishwa ndani ya maji. Kichupa hakina hewa ndani. Ukikizamisha, maji huingia yenyewe na unga hauruki.
5. Koroga kwa kijiko cha plastiki. Gawa kwenye vyombo vingi vya plastiki, kivulini. Angalau theluthi mbili ya vifaranga waweze kunywa kwa wakati mmoja, la sivyo wababe watakunywa dozi tatu na wanyonge watakosa.
6. Tembea taratibu bandani ili waliolala wainuke.

Mafanikio: maji yameisha kati ya saa moja na saa mbili. Yakiisha ndani ya dakika 20, wapo waliokosa. Yakibaki baada ya saa tatu, chanjo iliyomo imeshakufa. Imwage na usihesabu kwamba umechanja.

Hatua ya 6: Ndui, tundu kwenye utando wa bawa

Hii inafanyika mara moja, kuku akiwa na wiki 6 hadi 8. Kwa Dodoma na Singida, ambako mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, lenga Oktoba ili kinga iwahi kabla ya mbu.

Changanya unga na kiyeyusho chake, uitumie ndani ya saa moja hadi mbili. Mfunue kuku bawa, uone ule utando mwembamba wa pembe tatu karibu na bega. Chomoa manyoya machache. Chovya kisindano hadi vijishimo vyake vijae, kisha toboa utando kutoka chini kwenda juu. Epuka mshipa wa damu, mfupa na nyama. Damu ikitoka nyingi inasafisha chanjo. Toboa sehemu nyingine.

Usiruhusu chanjo imwagikie kichwani wala machoni. Utamletea ndui mahali usipotaka.

Uzuri wa chanjo hii ni kwamba inajionyesha. Baada ya siku 7 hadi 10, kamata kuku kumi popote bandani, funua bawa. Kwenye tundu unapaswa kuona uvimbe mdogo au gamba. Wanane au zaidi wakiwa nalo, kazi imefanyika. Wakiwa watatu, chanjo ilikuwa imekufa au kisindano hakikubeba kitu. Rudia kwa chupa mpya.

Hatua ya 7: Ratiba ya ukutani na mabaki

Kwa mikoa yetu ratiba inayofaa ni kideri Februari, Mei, Agosti na Novemba. Dozi ya Mei inawahi upepo wa kiangazi, ya Novemba inawahi biashara ya kuku ya Krismasi, wakati matenga yanapita kila kijiji kando ya barabara ya Singida. Ndui Oktoba. Vifaranga wanafuata umri wao, si mwezi.

Jogoo uliyemnunua mnadani Msalato, au uliyeletewa zawadi na shemeji, akae peke yake wiki mbili, achanjwe huko huko, ndipo achanganywe na wengine. Walinde kuku wako pia dhidi ya njiwa na bata wanaoingia kula pumba. Wanaweza kubeba virusi bila kuugua sana.

Vichupa vilivyokwisha na chanjo iliyobaki, vichome au vichemshe, kisha fukia. Usivitupe jalalani wala kuwapa watoto wachezee.

Daftarini andika tarehe, aina ya chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye lebo, idadi ya kuku waliochanjwa na waliokosekana.

Wakifa baada ya chanjo: soma tarehe

Fungua daftari kabla ya kulaumu.

Wamekufa ndani ya wiki moja: walikuwa wameshaambukizwa. Rudi Hatua ya 2.

Wamekufa wiki ya tatu au ya nne wakiwa na dalili za kideri: ama chanjo ilikufa njiani, ama matone hayakuingia. Tazama kama waliokufa wana alama ya rangi. Wasio na alama wakiwa wengi, uliwakosa alfajiri ile. Wenye alama wakiwa wengi, shuku kwamba chanjo ilikosa baridi njiani.

Wamekufa miezi mitano baada ya kuchanjwa: chanjo ilifanya kazi yake na muda wake ukaisha. Ulichelewa kurudia.

Wanaharisha damu, au wana kamasi na uso umevimba: huenda si kideri kabisa. Mpelekee afisa mifugo mzoga wa siku hiyo hiyo, kwenye mfuko uliofungwa pamoja na barafu, ili upimwe. Mizoga iliyobaki izike kina cha kutosha mbwa wasifukue, au ichome moto. Isiuzwe, wala isigawiwe kwa jirani kama kitoweo, kwa kuwa manyoya na matumbo yatakayotupwa uani kwake yatakurudishia ugonjwa kabla wiki haijaisha.